Breki za Gari la Bakari

Mwanangu, juzi ulinionyesha lile gari dogo unalotaka kununua hapa Moroni. Rangi imepigwa upya, viti vimevishwa vitambaa, na wewe ukawa unacheka peke yako kwa kuwa bei yake umeimudu. Sikutaka kukuharibia furaha mbele ya muuzaji. Sasa kaa, nikwambie jambo lililonipata Mutsamudu zamani, ambalo hunirudia kila nikisikia mtu anauza gari kuukuu.

Nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Ikoni, huku Ngazidja. Nilioa Mutsamudu nikaishi katika nyumba ya mke wangu, kama ilivyo desturi yetu. Ndipo Nzuani, kisiwa cha Mutsamudu, ikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Majirani hawakunifukuza, nisiwasingizie. Lakini mshahara wangu ulitoka Moroni, nao ukakatika. Meli zikawa za kubahatisha, na shehena bandarini zikapungua hata unga ukawa wa kutafutwa. Mimi na mke wangu Eshati tukaamua kuvuka kwenda Ngazidja mpaka mambo yatulie. Mama yake akasema yeye haondoki nyumbani kwake.

Nilikuwa na gari dogo la Kifaransa, kuukuu, na maradhi yake nilikuwa nayajua yote. Rejeta ilivuja, na injini ilichemka kila tukipanda mlima. Klachi iliteleza. Beringi ya gurudumu la mbele iliunguruma, na chumvi ya bahari ilikuwa imekula sakafu hadi unaona barabara chini ya miguu. Kibaya zaidi kilikuwa breki. Unakanyaga pedali, inazama. Unakanyaga tena, ndipo inashika.

Mnunuzi alikuwa jirani yetu Bakari, mchukuzi wa bandarini. Kazi ya kupakua ilikuwa imekauka, naye alitaka kufanya teksi. Nilimweleza kila ubovu, sikubakisha kitu, nikashusha bei. Tukakubaliana, nami nikaingia ndani nimetulia kabisa.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuzungumza nami ovyo. Kwa heshima iliyokuwepo baina yetu, maneno mengi aliyapitisha kwa binti yake. Siku ile aliniita mwenyewe, akiwa anachambua mchele mlangoni.

"Bakari umemwambia breki zilivyo?"

"Nimemwambia, mama. Na bei nimeshusha."

"Akishakulipa, atabaki na nini cha kutengenezea?"

Nikapiga hesabu kichwani, nikaona habaki na kitu.

"Basi atapakia watu na breki zile zile," akasema. "Na wewe utakuwa Moroni, unalala vizuri kwa sababu ulisema ukweli."

Nikamwambia kwa upole kwamba vipuri havipo kisiwani, na akiba yetu ni nauli ya meli tu.

"Sikusema ni rahisi," akanijibu, akaendelea na mchele wake.

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, maana nilijiona nimeshatenda haki. Asubuhi nikalipeleka gari kwa fundi. Akaniambia mipira ya ndani ya silinda kubwa ya breki imechoka, na viatu vya breki za nyuma vimeisha. Vipya havikupatikana popote. Mtaa wa Misiri palikuwa na gari la aina ile ile, limekufa kwa ajali, breki zake bado nzima. Mwenyewe hakutaka fedha, kwa kuwa madukani hamkuwa na cha kununua. Alitaka redio yangu. Siku zile redio ilikuwa kitu kikubwa. Majirani walijaa uani kwetu kusikiliza Moroni inasema nini juu yetu. Nikampa. Kazi ya kuhamisha breki ilichukua muda, na meli tuliyoikusudia ikaondoka bila sisi.

Injini sikuweza kuigusa. Nilipomkabidhi Bakari funguo nilimwambia, "Ikichemka, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto."

"Breki umetengeneza, Mwalimu. Bei je?"

"Ile ile tuliyopatana."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Tulipofika Moroni kwa meli iliyofuata, haikupita muda mrefu tukasikia Mutsamudu kuna risasi. Habari za nyumbani zikakatika. Eshati alikuwa anapika bila kula. Njia ilipofunguka mama yake akaja kututembelea, na kabla hata ya kuvua buibui akaketi akatusimulia.

Siku risasi zilipoanza, Bakari aliwapakia mama yake, mkewe, watoto, na mama mkwe wangu, akashika barabara ya mlimani kupitia Bazimini. Wakavuka kilele, wakaanza kuteremka upande wa Koni. Baada ya kona, barabara nzima ilikuwa imejaa watu waliokimbia kwa miguu, wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Bakari akakanyaga.

"Lilisimama, mwanangu," mama mkwe akaniambia. "Mwanamke mmoja aliweka mkono juu ya boneti, karibu vile."

Mbele kidogo injini ilichemka, gasketi ikaungua, gari likafa moja kwa moja. Wakamalizia safari kwa miguu. Teksi Bakari hakuipata. Lakini walifika wote.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Usitoe akiba yako yote kwenye bei. Gari kuukuu hununuliwa mara mbili, mara ya pili kwa fundi. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Tazama oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na hapo gasketi yenyewe ni kitu kidogo, kinachomaliza fedha ni kufungua injini. Lipakie watu, ulipandishe mlima pale juu ya Vuvuni uone klachi. Ukiwa na fedha za tengenezo moja tu, anza na breki. Injini itakuchelewesha tu. Na siku ukiliuza, usitosheke na kusema ubovu wake. Jiulize kama aliyenunua ataweza kuuondoa, na kama hawezi, mwondolee ule wa hatari.

Mungu akupe riziki ya halali na safari za amani, akujaalie watu wa kukwambia neno gumu mapema, na akurudishe salama kwa wanaokungoja, wewe na kila atakayekaa katika gari lako. Amina.