Maji ya Kumpokea Balozi

Vumbi la kiangazi likimwagiwa maji lina harufu yake, na mimi harufu hiyo siipendi. Najua wengi wanaifurahia. Wanavuta pumzi na kusema mvua imekaribia. Mimi inanirudisha shuleni, upande wa Baray, kule ardhi inakoteremkia Ziwa Eyasi, mwaka niliokuwa darasa la nne. Mvua ilikuwa imetukimbia misimu miwili mfululizo. Upepo wa ziwani ulileta vumbi lenye chumvichumvi lililoganda midomoni, likaingia kwenye ugali na hata katikati ya kurasa za daftari. Mbuzi walikuwa wamebaki mbavu. Lakini kuzunguka mlingoti wa bendera, ndani ya duara la mawe yaliyopakwa chokaa, palikuwa na bustani ya maua mekundu na ya zambarau, yamenawiri vizuri na udongo wake umeloa. Tuliyamwagilia kila asubuhi kwa wiki tatu, kwa sababu balozi alikuwa anakuja.

Maji yenyewe yalitoka mbali. Korongo la karibu lilikuwa limekauka, kwa hiyo watu walikwenda hadi lile la pili, wakachimba vishimo mchangani, wakasubiri maji yajikusanye polepole, kisha wakayachota kwa kikombe mpaka madumu yajae. Ukitoka na punda alfajiri, ukijitahidi sana utarudi saa sita mchana. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama, Aayo kama tunavyomwita kwa Kiiraqw, lakini mwaka ule alijifungua mapacha na mgongo ukamgomea. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya vitunguu na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Kazi ikamwangukia dada yangu Paskalina, aliyekuwa darasa la saba. Paskalina alikuwa na akili kiasi cha kuudhi. Mimi nilikariri, yeye alielewa. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara mbili kumwambia baba kwamba mtoto huyu akihudhuria masomo mpaka siku ya mtihani, sekondari anakwenda bila wasiwasi. Baba hakubisha. "Mwalimu, na mimi nataka asome," alisema. "Ila hawa wachanga wawili niwaogeshe na nini?"

Tumaini letu lilikuwa kisima. Nchi moja ya mbali, rafiki wa nchi yetu, ilikuwa imeahidi kuchimba kisima kirefu chenye pampu, na balozi wake angetembelea vijiji viwili kabla ya kuamua kichimbwe wapi. Baba alishasema kwamba kikija kwetu, Paskalina anarudi darasani wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana nyumbani kwetu habari za balozi zilizungumzwa asubuhi na jioni, na Aayo alimtaja hata kwenye sala ya chakula.

Msomaji ataniuliza kijiji kinacholia maji kinawezaje kuyamwaga kwenye maua. Kwetu halikuwa jambo la kushangaza. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu, basi. Mwenyekiti wa kijiji alilifafanua mkutanoni, na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali: hawa watu kabla ya kukupa kitu wanataka kuona kama unajitunza, maana wakikuta pamekauka na kuchakaa watasema pampu yao itaoza. Kila mwanafunzi akatakiwa kuleta maji. Mapipa mawili nyuma ya ofisi yakajaa mpaka mdomoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mwalimu mkuu, mtu wa kusikiliza taarifa ya habari bila kukosa, alitupanga mstarini akatuhutubia kana kwamba tunakwenda mkutano wa mataifa. Nchi yetu ina heshima, alisema. Imepokea wakimbizi, imepeleka askari kulinda amani kwa watu, na waliokosana huko kwao wanakuja hapa Arusha kupatanishwa. "Siku hiyo kila mmoja wenu ni balozi wa Tanzania," alisema. "Sitaki kuona mtu analialia mbele ya mgeni." Nilivimba kichwa. Nilikuwa na miaka kumi, viatu vya kuazima, na nchi nzima mabegani.

Nilichaguliwa kumkabidhi mgeni zawadi kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenzangu, ambao nyumbani waliongea Kiiraqw tu. Kiswahili hicho alinifundisha Paskalina. Jioni, akishamfungua punda, alikaa juu ya dumu tupu na kujifanya balozi, kanga ya Aayo begani, ananihoji kwa sauti ya puani. "Mheshimiwa mtoto, je, unapenda makande?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye aliniambia nisimame wima, nimtazame mgeni usoni, nisimung'unye maneno. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kamba, na mimi niliiona kila siku bila kuifikiria.

Siku ilipofika, magari matatu meupe yaliingia karibu na saa sita. Tulikuwa tumemtarajia mwanaume mnene mwenye tai. Akashuka mama mrefu mwenye mvi, viatu vimejaa vumbi, akatusalimia kwa Kiswahili cha polepole na safi. Tuliimba, wazee wakacheza, nikamkabidhi kibuyu kilichotiwa shanga. Alizunguka shule. Akayatazama maua kwa muda mrefu. Akafunua pipa mojawapo, akachungulia na kulifunika tena. Halafu, mbele ya mwalimu mkuu, mwenyekiti na wazazi wote, akaniinamia mimi. "Maji yenu yanatosha?" aliuliza. Nilisimama wima, nikamtazama usoni. "Yanatosha, mheshimiwa. Karibu Tanzania." Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mwalimu mkuu alinishika kichwa kwa furaha, na Aayo, mwenye pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, alipiga vigelegele. Paskalina hakuwepo. Alikuwa korongoni.

Kesho yake wageni walipanda upande wa Ngorongoro, kwenye kijiji cha wafugaji wa Kimaasai. Huko, tulivyokuja kusikia, hakuna aliyefagia chochote. Bibi mmoja alimshika balozi mkono, akamwongoza mwendo wa nusu saa juani mpaka kwenye dimbwi ambalo ng'ombe na watoto walikunywa pamoja, akachota kwa kibuyu na kumwonyesha. Kisima kilikwenda kwao. Sina kinyongo nao. Walikuwa na kiu na wakasema wana kiu. Sisi tulipata barua ya kutupongeza kwa mapokezi na kwa kutunza mazingira, ikasomwa mstarini, na mwalimu mkuu akaibandika ukutani kwa fahari. Paskalina aliendelea kwenda na punda. Mtihani aliufanya kwa sababu tu jina lake lilikuwa limeshapelekwa, na akafeli. Miaka mitatu baadaye mimi nilifaulu. Nilikuwa na muda wa kusoma, kwa kuwa aliyekuwa akileta maji alikuwa yeye, mpaka alipoolewa.

Sasa naishi Karatu mjini, na kazi yangu, ukipenda uicheke, ni kupokea wageni wa miradi na kuwatafsiria. Nimewasindikiza mabalozi wengi kiasi kwamba sivimbi tena kichwa. Siidharau kazi hiyo. Bomba lililofika kijijini kwetu, baada ya miaka mingi mno, lilitokana na mazungumzo ya aina ile ile, na mabinti wa dada yangu wanakwenda shule na nguo safi. Lakini nikisikia kwenye taarifa ya habari kwamba mgeni ameridhishwa na aliyoyaona, najiuliza nani alifagia. Nikifika kijijini naomba kwanza nionyeshwe wanakoteka maji, kabla ya chai na kabla ya hotuba, na najua wenyeji wengine wananiona sina adabu. Huenda ni kweli. Adabu niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi ilitugharimu, na aliyeubeba mzigo wake si mimi.

Kila Krismasi tunakutana kwa Paskalina, na kila Krismasi anawasimulia watoto kisa cha balozi. Anaiga sauti yangu, anasimama wima, anasema yanatosha mheshimiwa, na nyumba nzima inacheka hadi machozi. Mwaka jana alipomaliza, binti yake mkubwa hakucheka. Aliniuliza, "Mama mdogo, kwa nini hukusema ukweli?" Paskalina akanijibia haraka. "Mbele ya mwalimu mkuu na mwenyekiti na kijiji kizima, angesema nini? Hata mimi ningesema hivyo hivyo." Akaniwekea kipande kingine cha nyama. Nami nikainamisha uso kwenye sahani, nikala.

Asichokijua ni kwamba niliulizwa mara ya pili. Wageni walipokuwa wakiagana na wazee, balozi alinikuta peke yangu kando ya gari lake. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa hakuna mwalimu. Nyumbani kwenu nani anateka maji, na anayateka wapi?" Nilimjua anayeteka. Nilijua korongo, vishimo, kamba na saa ya kurudi. Lakini masikio yangu yalikuwa bado yanasikia makofi, na nilitaka kuendelea kuwa balozi wa Tanzania kidogo tu, mpaka magari yaondoke. Nikamwambia tunateka pale pale shuleni, na yanatosha. Hili sijawahi kumwambia dada yangu. Naliandika kitabuni kwa sababu Paskalina hasomi vitabu, na kwa nini hasomi, najua.