Mkono wa Shangazi Nyuma ya Kitambaa

Wanaomsifu shangazi yangu humsifu kwa michezo aliyoitunga, na kwa zile senema alizozitengeneza ukubwani, amekaa nyuma ya mashini akiwaamuru wanaume wasimame wapi. Hapo sina la kuongeza, maana senema zake nimezitazama mbili tu, na moja nililala. Ninaloweza kusimulia ni la miaka ile baada ya vita, tukikaa Likoni, alipokaribia kuikosa kazi hiyo kabla hajajua kuwa ni kazi. Nikikosea, aliyekuwepo anikosoe. Nilisoma Kurani chuoni, kisha skuli kidogo, na kumbukumbu yangu siiamini sana.

Siku hizo shangazi alikuwa mchekeshaji wa arusini, upande wa wanawake. Mlango wa uani ukishafungwa na wanaume wote wametoka, yeye huvaa kanzu ya marehemu mumewe, akajipaka masharubu ya masizi, akaingia akitembea kama mwanamume fulani ambaye kila mtu anamjua. Mke wa mwanamume huyo ndiye aliyecheka zaidi kuliko wote. Hayo hayakutoka nje. Shangazi alikuwa mjane, hana mtoto, na nadhani arusi za watu ndizo zilizomtoa kitandani asubuhi.

Basi akaja mwanamke wa Kizungu na mashini ya kupigia picha, akitafuta mtu wa kuonyesha namna ya kunawa mikono kabla ya kula. Shangazi akakubali, kwa kuwa mpiga picha ni mwanamke na uani hapakuwa na mwanamume. Kama alijua picha ile itatazamwa na wanaume, siwezi kusema. Nilipomuuliza baadaye alinijibu kwamba alijua nusu. Mimi siku hiyo sikuwepo. Niliambiwa alinawa, akala wali, akamlisha mtoto wa jirani, na vichekesho vyake akavitia humo humo.

Lori la kuonyeshea picha hiyo likaja kwetu baada ya sala ya isha. Kitambaa cheupe kilitandazwa baina ya minazi miwili. Wanaume walikaa mbele, upande wa lori, na sisi wanawake tukakaa nyuma ya kitambaa, tukiitazama picha vile inavyopenya. Hakuna aliyetuamrisha. Tulikaa kama tukaavyo kwenye maulidi, pazia katikati. Shangazi mwenyewe hakuja. Aliona haya.

Alipotokea kitambaani tulimpigia vigelegele. Akanawa vizuri. Kisha akachota wali kwa mkono wa kushoto, akala. Vigelegele vikakatika. Akachota tena, kwa mkono ule ule, mkono wa chooni, akamtia mtoto wa watu mdomoni. Upande wa pili wanaume wakacheka. Upande wetu hakuna aliyecheka.

Alikuwako bibi mmoja aliyeongoza ngoma za wanawake Likoni nzima. Bila idhini yake hakuna aliyecheza arusini. Akainuka, akakohoa kikohozi chake kirefu, akajitanda buibui yake.

“Twendeni,” akasema. “Huyu amekufuru chakula.”

Nyumbani nilimsimulia mume wangu, aliyekuwa amekaa mbele. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa homa.

“Mbona amekula kwa kulia?”

“Kushoto, wallahi.”

“Kulia, wallahi. We ulikuwa umesinzia?”

Tulilala tumepeana migongo. Nyumba ya pili tuliwasikia mke na mume wakiapiana yale yale. Asubuhi kisimani wanawake wote walikuwa na neno moja: wanaume wamepumbazwa na uso wa shangazi, mkono hawakuuangalia. Nami niliamini hivyo.

Bibi akatoa amri kwamba shangazi asicheze tena arusi yoyote. Kwa haki, Bibi hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwosha mama yangu alipokufa, na usiku kucha hakuondoka. Aliona alichokiona, kama mimi. Shangazi alisema kwamba mkono wake anaujua, lakini siku chache baadaye nilimkuta akila huku akiutazama, kama mtu anayemchunga mwizi.

Tuliposikia lori limepelekwa Chaani, tukavuka kivuko kulifuata, yeye, mimi na mume wangu. Kule wengi walikuwa watu wa Rabai na wa bara, mume na mke ubavu kwa ubavu mbele ya kitambaa. Mume wangu akaenda kukaa nao. Sisi wawili kwa mazoea yetu tukaenda nyuma, tukakaa peke yetu mchangani.

Ndipo shangazi akajiona kwa mara ya kwanza. Wali ulipochotwa, alijishika kifundo cha mkono wa kulia kwa nguvu.

“Mwanangu,” akaniambia polepole, “yule nani?”

Nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua tangu Likoni, nami nilikuwa nimeona aibu kulitamka. Leso aliyoivaa pale naijua, maneno yake nayasoma kila anapoianika kambani. Lakini pale kitambaani nilishindwa hata na herufi moja. Nilidhani ni uchache wa skuli yangu.

Alinivuta tukazunguka mbele, tukasimama kati ya watu waliotunung'unikia kwamba tunawaziba. Leso ikasomeka. Mkono ulikuwa wa kulia.

Mimi nilimwapia mume wangu wallahi, na yeye aliniapia wallahi, na kila mmoja alisema alichokiona. Wanawake wote wa Likoni walimhukumu mtu kwa macho yao wenyewe, macho mazima. Tangu siku ile nikisema nimeona, najiuliza nilikuwa nimekaa wapi.

Bibi hakutaka kusikia. Aliuliza kama tunamtaka akakae na wanaume kwa ajili ya kutazama mkono, na hapo siwezi kumlaumu. Kisha ikafika arusi ya mdogo wangu. Shangazi hangeweza kuzuiwa kuingia, ni damu yetu. Lakini Bibi alituma kusema kwamba shangazi akisimama kucheza, yeye atatoka, na wenziwe watamfuata. Nilimwomba shangazi akae kimya. Badala yake alinipa maneno ya mchezo ya kushika kichwani.

Mlango ulipofungwa, alitandaza kambani kitambaa cha bafta nyeupe katikati ya ua, jua likiipenya. Upande mmoja alikuwa amechora kwa masizi mwanamke mwenye uso mpana, ameinua mkono wa kulia wenye tonge. Mimi akaniweka mbele, nivae kanzu, niwe mume. Binamu yangu akamweka nyuma, awe mke. Tukaanza kugombana, kulia, kushoto, wallahi, wallahi. Watu hawakucheka. Walikuwa wakimtazama shangazi, ambaye hakuvaa kanzu wala hakupaka masharubu. Alikaa kitini, akajitanda buibui, akakunja shingo, akakohoa kikohozi kirefu cha Bibi, na kusema, “Twendeni. Huyu amekufuru chakula.”

Nilisahau maneno yangu yote. Kuwaigiza wanaume tulizoea. Mwanamke aliyekaa pale pale, na mwenye cheo kile, hakuna aliyewahi kumcheza.

Bibi akainuka. Wenzake nao wakashika buibui zao. Lakini hakuelekea mlangoni. Alikwenda mbele ya bafta, akatazama, akauinua mkono wake mwenyewe akaulinganisha. Akazunguka nyuma, akatazama huko kwa muda mrefu, akauinua wa pili. Akarudi mbele. Kisha akamwendea shangazi, aliyekuwa bado kitini, shingo imekunjwa vile vile. Naona aliogopa kuikunjua.

“Mimi sikohoi hivyo,” Bibi akasema.

Na hapo akakohoa.

Nani aliyeanza kucheka sikumbuki, huenda ni yeye mwenyewe. Ninachokumbuka ni kwamba alikiburura kiti chake mpaka mbele, akakaa, akanitazama mimi niliyesimama na kanzu ya watu.

“Haya, mume,” akaniambia. “Anzeni tena tangu mwanzo.”