Siku Niliyonuka Kondoo Mbele ya Wakwe

Nina aibu moja ambayo nimeikalia zaidi ya miaka sitini, na wale waliokuwepo karibu wote wameshazikwa, kwa hiyo sasa naweza kuisema bila mtu wa kunikatiza ati haikuwa hivyo. Lakini nianze na kondoo wa mjomba, maana bila huyo kondoo sijui ningeanzia wapi.

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, mjomba akanichukua twende Kiirua, kule kwa Wameru kwenye baridi, ambako rafiki yake alikuwa amemwahidi kondoo dume. Tulipomwona huyo kondoo mjomba akapiga mluzi, kwa sababu mkia wake ulikuwa umejaa kama mfuko wa unga, unatingishika akitembea. Akatembea vizuri mpaka barabarani, halafu akalala. Mjomba akamvuta, akamtukana, akamtukania mama yake, akambembeleza, na mwishowe akambeba mabegani, miguu miwili huku na miwili kule, na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama wakamuuliza, "Wee baba, ni nani anampeleka mwenzake nyumbani?" Mjomba akajibu bila kucheka, "Huyu ni mgeni wangu, amechoka." Tulitembea siku nyingi kurudi Embu (nyingine nilibebwa mimi, kondoo akatembea) na kila mahali tulipopita watu walicheka.

Sasa yule kondoo alipochinjwa, nyanya yangu akayeyusha mkia, akanipaka mafuta yake kwenye viwiko na nyuma ya magoti, maana mimi nilizaliwa na ukurutu. Ngozi yangu tangu kunyonya ilikuwa ya kukauka na kuwasha na kupasuka, nikijikuna inatoa maji, nikiacha kujikuna nasikia kama siafu wanatembea ndani. Yale mafuta yalinituliza. Nikapona kidogo, nikakua, nikasahau, kama vile mtu anavyosahau mlango wa nyumba aliyohama.

Basi ikaja hali ya hatari. Sisi tulisema imajensi. Tukatolewa kila mtu kwake kwenye mgongo wake wa kilima, tukawekwa pamoja katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, na geti moja tu, na kwenye geti homugadi, askari wenyeji wa serikali ya mkoloni, wenye bunduki. Kutoka ni kwa saa, kurudi ni kwa saa. Asubuhi watu wote wanapelekwa kuchimba matuta, isipokuwa wachache waliopata kazi kwenye kambi ya homugadi, na mmoja wao alikuwa mimi. Nilikuwa dobi. Nilifua kaptula zao za kaki na mashati yao kwa sabuni ya mche na magadi kwenye maji ya moto, kutoka asubuhi mpaka mchana, na watu walinionea wivu kwa sababu dobi hachimbi.

Ukurutu ukarudi, lakini si ule wa utoto. Huu ulishika mikono. Vidole vilipasuka kama udongo wa kiangazi, nikikunja ngumi damu inatoka, na shingo na viwiko vyote vikafuata.

Ningevumilia, lakini kulikuwa na Wawira. Wawira alikuwa msichana wa Mbeere, kutoka upande wa Gachoka, alikuja kukaa kwa dada yake aliyeolewa kijijini kwetu, na tulikuwa tumeelewana. Tatizo, mtu fulani (namjua, sitamtaja, wajukuu wake ni majirani) alipeleka habari kwa baba yake kwamba yule dobi anayemtaka binti yako ana ukoma. Ukoma! Siku hizo neno hilo lilitosha. Baba yake, mzee Ireri, mtu wa mizinga ya nyuki, akatuma ujumbe: atakuja mwenyewe Jumamosi, pamoja na mke wake na dada yake, waniangalie kwa macho yao. Wakiona ni kweli, Wawira anarudi nao Gachoka siku hiyo hiyo na mambo yameisha.

Nilikuwa na siku sita za kupata mikono ya binadamu.

Nilijaribu mshubiri, ule utomvu wake, ukapoza kisha ukakausha. Nilijaribu maji ya uji wa mtama, na hayo, msicheke, yalisaidia kuwasha kusiwe kukali. Nilijaribu majivu kwa ushauri wa kijana mmoja wa kambini, na huyo bado sijamsamehe. Mwishowe, nilipotumwa Embu mjini kuchukua sabuni ya kambi, nikapita kwa mzee Sudi, muuza nyama, Mwislamu mpole ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani na hakurudi kwao. Akashika mikono yangu bila kuogopa, akaigeuzageuza, akaniuliza kazi yangu, nikamweleza ufuaji na magadi.

"Mwanangu, huu si ukoma," akasema. "Hii ni ngozi yenye kiu." Akaniwekea mafuta ya mkia wa kondoo kwenye mkebe. "Oga kwa maji ya vuguvugu, usijisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka kidogo. Kidogo, umesikia? Jioni. Na uachane na hayo magadi."

Nikamshukuru sana. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, mafuta.

Siku tatu nilipaka jioni kidogo kama alivyosema, na kweli, viwiko vikaanza kulainika. Ningeendelea hivyo hivyo leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini Jumamosi asubuhi nikajiambia, kama kidogo kimefanya hivi, mkebe wote utafanya nini? Nikaumaliza. Nilijipaka shingo, mikono, mgongo mpaka nilipofika, mapaja, nyuma ya masikio. Nikang'aa kama chungu kipya. Nikavaa shati jeupe (la kambi, nililiazima bila kuomba) nikashuka mtoni kuchota maji ya wageni.

Jua likatoka. Ninyi mnajua mafuta ya kondoo yakipata jua? Yalianza kutembea. Yakashuka mgongoni, yakapita kwenye shati, yakafika kwenye visigino, na harufu ikapanda, harufu ya nyama iliyo motoni. Mbwa wa kwanza alinifuata kutoka mtoni. Karibu na geti walikuwa sita, na mmoja, mwekundu, alikuwa ananilamba kigimbi cha mguu nikitembea, nami siwezi kumpiga teke kwa sababu nimebeba debe la maji kichwani.

Pale getini wakwe walikuwa wameshafika. Mzee Ireri na fimbo yake, mama Wawira amejifunika leso mpaka kwenye macho, na shangazi Ciarunji, mwanamke mwembamba mwenye kidevu cha kuamuru. Wanapekuliwa vikapu. Nikaangalia chini haraka, maana kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni, hata mkikutana njiani unampisha kichakani.

Koplo Mbogo akanusa hewa. Huyo nilimfulia mashati mwaka mzima.

"Dobi," akasema, "leo umekula wapi?"

"Sijakula, afande."

"Mbona unanuka karamu?"

Kulikuwa na amri: mnyama yeyote akichinjwa, lazima kiongozi wa kijiji aambiwe, kwa sababu nyama ilikuwa inapelekwa msituni kwa wale vijana waliokuwa wakipigana na mkoloni. Mtu kunuka nyama ya kondoo, na hakuna kondoo aliyeandikwa, ilikuwa si mzaha. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa kidogo kuliko hicho, na wengine tuliwangoja miaka.

"Ni dawa, afande. Ni mafuta ya ngozi."

"Ngozi gani? Mimi nimekuzoea, ngozi yako iko tu." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ananuka kama mama aliyejifungua jana! Umezaa, dobi? Mtoto yuko wapi?"

Kwetu mama akijifungua huchinjiwa kondoo, kwa hiyo homugadi wakaangua kicheko. Foleni ya watu wa mtoni nyuma yangu ikacheka. Hata mbwa, naapa, walionekana wamefurahi. Lakini Koplo alikuwa ameshika bunduki sawasawa sasa. "Kama ni dawa, tuonyeshe ugonjwa. Vua."

"Afande, wakwe wangu wako hapa."

"Vua!"

Nikatua debe, nikavua. Shati lilitoka kwa shida kwa sababu lilikuwa limenata. Nikabaki na kaptula, nang'aa, nimejaa vumbi pale vumbi lilipopata mafuta, ukurutu wote nje, mwekundu, mbele ya kijiji na mbele ya mama mkwe. Watu wakarudi nyuma hatua. Nikamsikia mtu akinong'ona, "Ni kweli basi. Ni ule ugonjwa."

Mzee Ireri akashika fimbo yake, akageuka kumtafuta Wawira kwa macho.

Hapo shangazi Ciarunji akatoka kwenye foleni. Hakuomba ruhusa kwa Koplo wala kwa mtu. Alikuja nyuma yangu, na mimi nikadhani anataka kutazama kwa karibu, kumbe alikuwa na mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, ameufunga kwenye pindo la leso yake. Akanichoma nao kwenye kiwiko, pale penye ubaya zaidi, mpaka ndani.

"Uuuwi! Mamaaa!"

Niliruka, nikalipiga debe teke, likaanguka, maji yakamwagika kwenye viatu vya Koplo, na kwa lile neno "mama" nilikuwa nimegeuka nikamtazama mama Wawira moja kwa moja machoni, nikiwa uchi kiasi kile. Hakuna aibu iliyobaki duniani baada ya hiyo. Mama akajifunika leso uso wote. Nikaona mabega yanatingishika, nikajua analia.

"Anasikia!" shangazi akapiga kelele, ameinua mwiba juu. "Mmemsikia? Mwenye ukoma hasikii mwiba! Huyu anasikia kama mtoto! Nimetoka na huu mwiba Gachoka kwa kazi hii moja."

Hapo kijiji kikapasuka kwa kicheko, na leso ikashuka, na mama mkwe hakuwa analia hata kidogo. Koplo mwenyewe alijifuta machozi kwa mkono wa shati ambalo ningelifua Jumatatu. "Peleka wageni wako," akasema, "na hao mbwa uwapeleke pia."

Mzee Ireri hakucheka sana. Nyumbani alikaa, akaitisha mikono yangu, akaitazama kidole kwa kidole, kama anavyotazama mzinga. Akasema mbuzi mmoja wa kufuta aibu ya macho ya mke wake nitatoa, hilo halina mjadala. Halafu akasema, "Kiwiko kimeanza kupona. Nyuma ya shingo imeanza. Kwa nini mikono haiponi?"

"Sijui, baba."

"Unajua. Jioni unaipaka mafuta, asubuhi unairudisha kwenye magadi. Binti yangu simpi mtu anayejipika mwenyewe."

Tangu siku hiyo nimeapa: dawa nikiambiwa kidogo, ni kidogo, na jioni ni jioni. Na mtu akinipa maneno mawili sichagui moja. Wajukuu wangu wawili wamerithi ngozi hii, nawaambia hivyo hivyo, maji vuguvugu, mafuta kidogo, msijikune, na kinachowaunguza mkiache hata kama kinawapa raha nyingine. (Wananiambia siku hizi kuna mafuta ya mkebe yasiyonuka. Vizuri.)

Jumatatu nilifika kambini kama kawaida. Karai lilikuwa limejaa, maji yanatoa moshi, kaptula zimerundikwa. Nikaingiza kidole kimoja tu. Watu walikuwa wanajipanga nje na majembe kwenda kwenye matuta, na Wawira alikuwa kwenye mstari, anaangalia upande wangu. Nikaweka mche wa sabuni kando, nikapangusa kidole kwenye kaptula yangu, nikatoka.

"Dobi!" Koplo akaita. "Shati langu!"

Nikachukua jembe, nikaingia kwenye mstari. Kwenye lile karai sikurudi tena.