Wakaguzi Waliolinda Viti

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chochote, Mama mdogo hunusa kikombe. Hata ukimpa maji uliyochemsha mwenyewe, atanusa. Mjomba humtania: "Dada, humo hamna kiwanda." Yeye hucheka, akanusa tena. Ni mkaguzi wa mito, na pua yake haijui likizo.

Mwaka huu ofisi yao ya mazingira ilipangwa upya. Idara ziliunganishwa, ikasemekana watu watapunguzwa. Mkurugenzi mpya akawa anapita vyumbani bila taarifa kuangalia nani yupo. Basi wakaguzi wakaacha kutoka. Watu ambao kazi yao ni mitoni na viwandani wakashinda ndani wakilinda viti. Aliyekwenda chooni aliacha koti kitini, asije akaambiwa hayupo. Magari yakajaa vumbi uani.

Mama mdogo naye alikaa. Ana watoto wawili, na mimi wa tatu, angefanyaje? Lakini nyumbani alikuwa anakoroga chai ambayo hajatia sukari.

Siku moja akiwa ofisini akapigiwa simu na bibi mmoja anayelima mboga kando ya mto.

"Mwanangu, maji yamekuwa ya buluu. Nimwagilie, nisimwagilie?"

"Usimwagilie, bibi. Nakuja."

Jirani yake wa meza, mzee wanayemwita Gundi kwa jinsi alivyonata kitini, akashtuka.

"We binti, unakwenda wapi? Mkurugenzi yuko chini, anapanda!"

"Tutapishana."

"Na wakikuondoa?"

"Mzee Gundi, kwani hapa tunakagua nini? Migongo ya viti?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hakuna aliyeinuka.

Kweli walipishana na mkurugenzi kwenye ngazi. Akamsalimia kwa adabu, akapita. Mama mdogo aliyafuata yale maji ya buluu mpaka nyuma ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi, akakuta bomba limefunikwa majani makavu. Jioni lilizibwa yeye akiwa amesimama hapo hapo, viatu vya ofisini vimejaa tope.

Kesho yake akakuta mtu wa idara nyingine kwenye kiti chake. Mkurugenzi akamwita. Nafasi yake hapo imekwenda, akasema. Kilichobaki ni kituo kipya cha mtoni, chumba kimoja, hata meza hakina, na kila aliyeulizwa amekikataa.

"Au subiri, dada, tutakutafutia pa kukaa humu humu."

"Hicho kituo kiko karibu na maji?"

"Ukifungua dirisha unayaona."

"Basi naomba ufunguo, bosi. Kukaa nimekaa vya kutosha."

Mzee Gundi alimsindikiza mpaka mlangoni, mkono mmoja bado umeshika kiti alichokiburuta.

"Utatusahau huko."

"Njoo unitembelee, mzee. Koti liache lifanye kazi."

Akakumbatia sanduku la chupa zake za kupimia maji, akashuka ngazi, akatoka getini huku akicheka peke yake. Jengo lile hajalikanyaga tena.