Chai Ndani ya Difu

Harufu ya chai iliyoungua ndiyo iliyonimalizia uvumilivu. Tulikuwa tunapanda mlima kutoka Litein kwenda Kericho, gari la abiria limejaa pomoni, mwanangu ana homa kifuani pangu, na harufu ile ikaanza kupenya kwenye mbao za sakafu, nzito na chungu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Wiki iliyotangulia gari hilohilo lilikuwa limelia njia nzima chini ya kiti cha nyuma. Sasa lilikuwa kimya. Nikamwambia dereva asimame. “Mama, wacha wasiwasi,” akasema. “Kelele si imeisha?” Nikamwambia tena. Akawageukia abiria: “Huyu mama amesoma sana, sasa anataka kufundisha gari.” Wakacheka. Hapo nikapiga ukelele hata mtoto akashtuka, na dereva akakanyaga breki ili tu aniondoe masikioni mwake. Nikashuka matopeni, nikamfunika mtoto, nikatembea kwa miguu hadi zahanati, nikiwa na hasira iliyoanza kabla mtoto huyo hajazaliwa.

Ilianza mwishoni mwa miaka ya ishirini, msimu wa mvua ndefu, nilipokuwa msichana mdogo katika kambi ya shamba la chai karibu na Kericho. Wazazi wangu walitoka kando ya ziwa. Baba alikuwa dereva, na kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa: alivaa viatu. Mwaka huo msimamizi wetu, Mzungu kijana tuliyemwita Bwana Mdogo, alileta kutoka Nakuru gari kuukuu la kubebea barua na wagonjwa. Tangu siku ya kwanza lilikuwa na sauti. Baba alinipakia nyuma, akaniambia, “Nyara,” yaani binti yangu kwa Kijaluo, “lala uweke sikio hapo chini. Uniambie linapoanza na linapoacha.” Nikalala juu ya magunia yenye harufu ya majani mabichi, mbao zikinigonga shavu. Likipanda, lililia uuuu, kama mbwa aliyefungiwa nje. Baba akiinua mguu kwenye mafuta, kilio kiligeuka kuwa mkwaruzo. Akiondoa giya gari liliteremka lenyewe, kimya kabisa. “Basi si magurudumu,” akasema, “maana magurudumu bado yanazunguka.” Nyumbani akainua gurudumu moja kwa jeki, akashika propela, ule mhimili mrefu wa chuma, akauchezesha mbele na nyuma. Ukazunguka kidogo kabla gurudumu halijasogea. Tatizo lilikuwa kwenye difu, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Meno yake yalikuwa yamelika.

Baba alikwenda kumwambia Bwana Mdogo, kofia mkononi. Bwana Mdogo alisema hataki kusikia habari za meno, anataka kelele iishe. Sasa, katika kambi yetu vumbi la chai lililofagiwa kiwandani lilikuwa dawa ya kila kitu. Tulilimwaga kwenye matope ya mlangoni, tulizibia nyufa za ukuta, akina mama walilisugulia masufuria. Fundi wa kiwanda akalichanganya na grisi, akalishindilia ndani ya difu mpaka ikajaa. Akaliendesha gari mbele ya nyumba zetu, linapita kama paka. “Baba Achieng, sikiliza!” akapaza sauti. “Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu!” Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga. “Nilisema litengenezwe,” akamwambia, “sikusema lizibwe mdomo.” Fundi akacheka akamwambia wivu utamuua.

Mama alikuwa mjamzito. Uchungu ulipomshika, ilikuwa mchana wa mvua, na hapakuwa na gari jingine. Baba alilizunguka mara moja, akaliangalia, akawasha. Mimi nilikaa nyuma nikimshika mama mkono. Mlimani harufu ikaja, chai inaungua, na mama akauliza kwa sauti ndogo ni nani anayepika njiani. Baba alisikia. Niliona shingo yake ikikakamaa, lakini asimame wapi, na mkewe anazaa? Tulipoanza kuteremka upande wa pili kitu kikavunjika chini yetu kwa mlio mmoja, magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likateleza upande likaegemea ukingo wa barabara. Mama alijifungulia juu ya magunia. Alikuwa mvulana. Hakulia. Baba alivua koti lake la udereva akamfunga humo.

Bwana Mdogo alisema baba ameliendesha vibaya. Wakamvua udereva, akapewa kikapu cha kuchumia chai, na fundi akabaki fundi. Nilimwuliza baba kwa nini hasemi kilichokuwamo ndani. “Nimwambie nani?” akajibu. Hakuniuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetafuta njia kweli na haioni. Swali hilo nililibeba mpaka shule ya misheni, mpaka sekondari, mpaka kwenye mlima ule juzi.

Barabara ni ileile. Magari yameongezeka, na vumbi la chai bado linatosha kwa kila ujinga. Mwanangu homa imeshuka. Lakini gari lile bado linapakia watu kila asubuhi, na ndani yake wamo akina mama. Nilikwenda ofisi ya wilaya. Karani aliniuliza, “Mama, umekuja kushtaki kelele?” Nikamwambia kelele ningeivumilia, nimekuja kushtaki kimya. Akatabasamu, akanipa karatasi, akidhani nitamwomba aniandikie. Niliandika mwenyewe, nikakandamiza kalamu hata ikatoboa karatasi:

“Mimi, Achieng, nalalamika rasmi juu ya gari la abiria lifanyalo safari za Litein na Kericho. Difu yake ni mbovu nayo imejazwa vumbi la chai ili abiria wasisikie. Gari la namna hii lilimuua ndugu yangu kabla hajapewa jina. Naomba lisimamishwe leo, na difu ifunguliwe mbele ya watu, mimi nikiwapo. Sitaondoka kwenye ngazi za ofisi hii mpaka nijibiwe. Nimekuja na mtoto, na nimembebea chakula.”