Palizi ya Warithi

Kama kulikuwa na mtu kijijini Kitomanga ambaye hakujua kwamba Somoe anasomea sheria, basi mtu huyo alikuwa kiziwi au alikuwa safarini. Somoe alikwenda Lindi mjini kwa wiki ya kwanza ya mafunzo akiwa mjane wa kawaida anayelima ufuta, akarudi na sauti mpya, ya puani kidogo. Mbuzi wa jirani alipoingia kwenye mihogo yake hakumfukuza kwa fimbo kama zamani. Alimwita mwenye mbuzi, akamweleza kwamba huo ni uvamizi. Kijiji kikampa jina la Wakili. Yeye alijifanya kulikataa, lakini ukimwita mara moja tu anageuka.

Mafunzo yenyewe yaliandaliwa kwa watu wanaowahudumia wakulima: mabwana shamba, watendaji wa vijiji, na wasaidizi wa kisheria wa vijijini kama yeye. Walifundishwa sheria za ardhi na kilimo, na hasa namna ya kumsaidia mkulima aliyezeeka apange shamba lake litakwenda kwa nani, tena alipange angali hai, mbele ya hao wanaosubiri afe. Mwalimu wao alikuwa Wakili Flora, mwanamke mfupi kutoka Dar es Salaam aliyewanyamazisha watendaji wanne kwa kuvua miwani tu. Kanuni zake zilikuwa nyingi, na moja aliirudia kila asubuhi: anayeandika mpango wa familia asiwe na fungu ndani yake. Akiandika na jina lake humo, mpango unatupwa na cheti hapati.

"Mganga hajigangi," alisema Wakili Flora, "na mwandishi hajigawii."

Somoe alitikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Kanuni hiyo haikumtisha, maana hakuna mtu aliyewahi kumwahidi fungu lolote.

Na hapo ndipo palipokuwa na donda lake. Tangu mumewe afariki aliishi kwenye ardhi ya mashemeji. Waliomwachia walimwachia kwa wema, na kwa sharti linalojulikana na kila mtu upande ule: uliyeazimwa ardhi lima mahindi, lima ufuta, lima mihogo, lakini usipande mti. Mti unakaa, na anayepanda kinachokaa naye anadai kukaa. Mwaka mmoja alipanda mpapai nyuma ya jiko. Shemeji yake mkubwa akaja, akausifu sana, akamwomba aung'oe. "Leo papai, shemeji, kesho mnazi," alimwambia kwa upole. Somoe akaung'oa mwenyewe, na usiku ule hakula. Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa: kipande cha ardhi ambacho akipanda mti asiulizwe. Kwa kuwa hakukiona kinatoka wapi, aliamua angalau awe mtu mwenye cheti.

Cheti kilikuwa na masharti. Kila mwanafunzi alitakiwa arudi na mpango mmoja kamili wa familia moja, uliokubaliwa na wahusika wote mbele ya mwanafunzi mwenzake mmoja. Rahisi kusema. Modesti, bwana shamba wa Mingoyo, mtu mnene mpole anayetokwa jasho hata akiwa amekaa, alianza na mzee wa jirani yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama sanda nayo ameileta. Wa pili hakumpa hata nafasi ya kukaa. Modesti akakata tamaa, akamwambia Somoe, "Dada, nitakuwa shahidi wako. Wewe una bahati, una mjomba."

Mjomba mwenyewe alikuwa Mzee Ismaili, kaka wa marehemu mama yake, na huyo lazima nimweleze vizuri, maana ni mtu mtundu kuliko umri wake. Alikuwa na shamba la mikorosho zuri kuliko yote upande ule, na hakuwahi kumlipa kibarua hata mmoja kulipalilia. Siri yake ilikuwa mdomo wake. Ukimfurahisha, anakupeleka shambani, anapiga kwa mkongojo shina la mkorosho mmoja mnene, na kukwambia, "Huu wako, nikifa." Kwa desturi, mti ukishaahidiwa unautunza: unafyeka na kupalilia chini yake, unapuliza dawa. Watu wakiona jembe lako pale mwaka hadi mwaka, wanajua mti ni wa nani. Tatizo ni kwamba Mzee Ismaili alifurahishwa na watu wengi kuliko idadi ya mikorosho yake.

Nani mrithi wake hasa? Ilitegemea anazungumza na nani. Akiwa na wanawe alikuwa Mwislamu. Akiwa na wapwa zake alikuwa Mmwera wa zamani, mali ya mjomba kwa watoto wa dada. Na akiwa na mkewe mdogo alikuwa mtu wa serikali, anayejua kwamba mke ana haki zake. Kila mmoja alitoka kwake akiwa na furaha, na jembe begani.

Somoe alimwendea akiwa na hofu. Alimpikia kwanza uji wake, kama alivyompikia kila asubuhi kwa miaka mingi, kisha akaanza.

"Shikamoo mjomba. Nina neno."

"Marahaba. Neno la kiwakili au la kipwa?"

Akamweleza yote. Alitegemea kufukuzwa. Mzee Ismaili alikunywa uji mpaka chini ya bakuli, akajifuta ndevu. "Jambo la heri," akasema. "Waite wote. Ila wasikutane nyumbani, wakutane shambani. Na iwe kabla mwezi huu haujaisha."

Kwa nini mwezi huu? Somoe hakuuliza, na hilo ndilo kosa lililomfurahisha sana mzee. Masika yalikuwa yamekwisha, na nyasi shambani zilifika kiunoni.

Siku yenyewe walikuja wengi. Rashidi, mwana mkubwa, alitoka Mingoyo amevaa kofia mpya. Abdulrazak, mpwa, mtoto wa dada mwingine wa mzee, alikuja na wanawe watatu wenye vifua vipana. Bi mdogo alikuja amejifunga kanga mbili kiunoni. Modesti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akijipepea kwa faili. Mzee aliketi kwenye kiti chake cha kukunja, birika la kahawa pembeni.

Somoe akafungua kikao kwa sauti ya puani. "Kabla ya kuandika, kila aliyeahidiwa mti akasimame kwenye mti wake, ili tujue tulipo."

Wakaenda. Chini ya mkorosho mkubwa karibu na njia wakasimama Rashidi, Abdulrazak na bi mdogo, wote kwa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mtu mwingine.

"Huu wangu," alisema Rashidi.

"Wako tangu lini?" aliuliza Abdulrazak. "Umewahi kuupalilia?"

Lilikuwa neno baya kulisema mbele ya watu wenye majembe. Rashidi akavua kofia yake mpya, akaanza kufyeka. Abdulrazak asingekubali kuachwa, akaita wanawe, wakaanza upande wa pili. Bi mdogo akashambulia katikati. Ndugu wengine, walipoona wenzao wanaonyesha haki zao, wakakimbilia miti yao kabla haijavamiwa. Vumbi likapanda. Watu ambao hawakuonekana shambani mwaka mzima walikuwa wakipalilia kwa kasi, na wakimaliza mti mmoja wanahamia wa jirani, kwa tahadhari tu, huenda nao waliahidiwa wakasahau.

Somoe alizunguka katikati yao akipiga kelele. "Jamani! Hati hutolewa kwa ardhi, haitolewi kwa mti! Tutapima vipande, tutaweka mipaka!"

"Ndiyo, ndiyo," alijibu Abdulrazak bila kuinua kichwa. "Andika mti wangu."

Akarudia. Modesti naye akainuka kwenye ndoo akayarudia hayohayo, jasho likimtiririka. Ilikuwa kama kusoma hutuba sokoni. Hapo Somoe akamtupia macho mjomba wake, na kumwona anakunywa kahawa polepole, akiliangalia shamba lake likiwa jeupe kutoka njiani mpaka kichuguuni. Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Somoe akaelewa kwa nini ilikuwa lazima kikao kiwe mwezi huu, na akatamani kummwagia kahawa ile kichwani.

Walipochoka wakakaa, kila mtu kwenye kivuli alichokipigania. Uchovu ulifanya kazi ambayo sheria ilishindwa. Wakakubaliana vipande vitatu, cha wana, cha wapwa walioahidiwa miti na cha mke, kila kipande na miti yake, na mzee aendelee kula mazao mpaka siku yake. Mzee aliposikia hilo la mwisho aliweka kikombe chini.

"Na nikishagawa," aliuliza, "nani tena atanipigia hodi?"

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile asiwe anacheza, na Somoe, pamoja na hasira zake, alimwonea huruma. Akaandika kwenye mpango kwamba kila msimu mavuno yataanzia kwa mzee, na wote watakula kwake siku hiyo. Wakili Flora hakuwafundisha hivyo, lakini hakuwakataza.

"Wewe Wakili," mzee akaita, uso umeshachangamka tena. "Mbona uko juani peke yako? Wenzako wote wana kivuli."

"Mimi mwandishi, mjomba. Sina mti."

"Kwani sijawahi kukuahidi?"

"Hujawahi."

Watu wakageuka. Mzee akacheka. "Hawa nawaahidi ili waje. Wewe unakuja hata nikikutukana. Nikuahidi ya nini?"

Wote wakaangua kicheko. Somoe hakucheka. Uji wa miaka yote ile, homa alizomuuguza, nguo alizomfulia, vyote vilimjia kwa pamoja. Neno lile liliuma, na liliuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Hiyo ni dhuluma, mjomba," alisema. Sauti ya puani haikuwepo.

Kicheko kikakatika. Mzee alitazama chini, akachora mchangani kwa mkongojo. Alipoinua uso, aliunyoosha mkongojo kuelekea upande wa bonde, ambako mikorosho ilikufa zamani kwa ugonjwa wa kunyauka. Palikuwa na visiki na vichaka tu, eneo pana kushuka mpaka kwenye udongo mweusi. Siku nzima hakuna jembe lililogusa pale, na kwenye vile vipande vitatu hakuna aliyepakumbuka.

"Pale anapataka nani?"

"Pori lile?" Rashidi alisema. "Mpe tu."

"Hakuna hata mti mmoja pale," alisema Abdulrazak. "Usimdhalilishe mtoto wa watu, mzee."

"Nauliza mnakubali au hamkubali."

"Tumekubali!" wakapiga kelele wote, bi mdogo kwa sauti kuliko wengine, maana njaa ilikuwa imeshawakamata. Modesti aliacha kujipepea.

"Haya," mzee akamwambia Somoe. "Andika."

Kalamu ilikuwa mkononi na haikwenda. Somoe akamtazama Modesti, na Modesti akaangalia miguu yake, maana alikuwa anafikiria jambo lilelile.

"Siwezi," Somoe alisema. "Mwandishi hana fungu. Nikijiandika, mpango unakataliwa na cheti sipati."

Macho ya mzee yakang'aa. Hata pale, hata kwa wema, hakuweza kuacha utundu. "Basi chagua, mwanangu. Uwe wakili, au uwe na ardhi."

Nyumbani kulikuwa na dera la zambarau lililoshonwa kwa ajili ya siku ya vyeti. Kijiji kizima kilishaalikwa. Kulikuwa na mwenye mbuzi, ambaye angecheka mpaka alale chini. Somoe alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na sitamfichia: alikitaka kile cheti. Alikitaka vibaya.

Kisha akampa Modesti kalamu. "Andika wewe, tangu mwanzo. Mimi nitakuwa miongoni mwa warithi."

Cheti kilichotokana na siku ile kinaning'inia ukutani kwa Modesti, Mingoyo, na Somoe bado hawezi kukitazama bila kusonya.

Lakini siku ile hakusubiri hata wino ukauke. Alikaza kanga, akachukua jembe la Rashidi lililokuwa limelazwa, akateremka mpaka kwenye udongo mweusi, juani, akaanza kuchimba. Juu kule ndugu walisimama kwenye vivuli vyao wakimtazama. Walidhani ni hasira. Mzee Ismaili ndiye aliyeshuka taratibu kwa mkongojo, akasimama ukingoni mwa shimo, akiwa anahema.

"Wakili, unachimba nini?"

"Usiniite Wakili. Nachimba shimo la mti."

"Mvua zimekwisha, Somoe. Utapanda nini sasa?"

"Nitaumwagilia," alisema, na akaendelea kuchimba.