Ini la Kulungu

Ninyi wajukuu, na watoto wa wengine mutakaosoma haya, muna tabia ya kusema bibi hana aibu, anasema lolote mbele ya yeyote. Aibu ninayo. Ilinikuta jikoni kwangu hapa Saint-Gilles, huku ugenini kwa wazungu, siku ya Mungu, mbele ya wamama wa kanisa, mafuta yakiwa tayari kwenye kikaango.

Mume wa binti yangu alikuwa akienda kila Jumamosi, majira ya kuwinda, kule misitu ya Ardennes. Hakuwa na bunduki. Kazi yake ilikuwa kuvaa kizibao cha rangi ya machungwa, kushika fimbo na kupita vichakani akipiga kelele, ili wanyama watoke waelekee kwa wenye bunduki. Lakini alitamani siku moja aruhusiwe kuwinda mwenyewe, na mzee aliyeongoza lile kundi alikuwa amekubali kumfundisha. Nafasi kama hiyo si rahisi watu wetu kuipata huku. Nyumba yote ilijua jinsi alivyoitaka.

Mimi nilichotaka ni ini. Kwetu Kivu, nyumbani nilikokulia, mwanaume akiua mnyama, ini linakwenda kwa mama mkwe wake kabla mtu hajagusa paja. Kwamba huyu hakuua kitu, alipiga kelele tu, sikulijali. Mama mmoja wa kanisa alikuwa amenichokoza: "Mukwe wako anashinda porini, na wewe unakula kuku wa frigo kama sisi." Wakacheka. Basi nikamwambia mkwe, mimi nimekaa, yeye amesimama, kwamba ninangojea ini langu. Akaangalia viatu vyake. Kwetu mkwe hamkatalii mama mkwe, nami kimya chake nikakichukua kuwa ndiyo.

Alilileta Jumamosi jioni kwenye mfuko wa plastiki, akaliacha mezani, hakukaa hata kidogo. Nikalikata vipande, nikatia ndimu, tangawizi na vitunguu saumu, likalala hivyo. Kesho yake nikawaita wale wamama wote baada ya ibada.

Nilikuwa nimetia vipande vya kwanza kwenye mafuta, mlango ukagongwa. Mkwe aliingia, na nyuma yake mzungu mzee, kofia mkononi, anahema kwa sababu ya ngazi zetu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa wawindaji. Alisalimia kila mmoja, halafu akauliza kwa Kifaransa kama kuna aliyekwisha kula. Nikasema bado. Akaniomba nizime moto.

Alieleza polepole, bila ukali. Kule porini kulungu wamekuwa wengi mno, wanabanana mahali pamoja, na mwaka ule walishuku ugonjwa unaotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana walikuwa wakiwapunguza. Na kila kulungu anayeuawa, ini, mapafu na wengu vinatundikwa kando yake, viangaliwe na anayejua kabla nyama haijaonjwa, kwa kuwa ugonjwa unajionyesha humo. Kando ya kulungu mmoja hawakukuta ini.

Akainama juu ya bakuli langu. Vipande vidogo, vimegeuka rangi kwa ndimu. Akasema hapo hakuna tena cha kuangalia. Nyama itateketezwa kwa moto.

"Na mapaja?" nikauliza.

"Yote, Madame."

Mnyama mzima. Mimi ninayewagombeza kwa ukoko wa ugali unaobaki sufuriani.

Mkwe akasema, "Ni mimi nililichukua." Akaishia hapo. Hakunitaja. Mzee akamwambia asirudi tena msimu ule, na habari ya kumfundisha hakuigusa kabisa. Alikusanya vipande vyote kwenye mfuko, hata vile vya kwenye kikaango, akatoka. Mimi nimeshika mwiko, wamama wanaangalia mikono yao.

Mzee alikuwa amekwisha kushuka ngazi nyingi nilipotoka mlangoni. Nikamwita kutoka juu, kwa Kifaransa changu cha kusafisha ofisi: ni mimi nilimuagiza, yeye hana kosa. Akasimama, akainua uso.

"Madame, huyu ni mtu mzima. Angeweza kukuambia hapana."

Hapo ndipo aibu iliponishika vizuri. Yule mzee hakujua. Mkwe hangeweza, na ni mimi nilihakikisha kwamba hangeweza. Nilikuwa nikijisifu nalo kanisani, kwamba kwangu wakwe hawainui macho. Na kijana amepoteza msitu wake kwa sababu ya majisifu hayo, na bado amenifunika.

Nikarudi ndani. Wamama walikuwa wanatafuta makoti yao. Nikawaambia wangoje, wasikie. Nikamwambia mkwe akae kwenye kiti changu. Alisita, nikamwambia tena, akakaa pembeni kabisa ya kiti, mimi nimesimama.

"Kuanzia leo, humu nyumbani, nikiomba kisichofaa, munikatalie. Na wewe, mukwe, uwe wa kwanza. Uniangalie machoni, useme hapana."